Nyuki Hawana Jetoni: Ua wa Nyumba na Biashara ya Gisenyi na Goma

GISENYI, RWANDA – Anayeelekea Goma kupitia Grande Barrière hutembea kwenye kivuli. Upande huu wa mpaka, unaojulikana pia kama La Corniche, umekaa karibu na ufuo wa Ziwa Kivu, na nyumba za zamani na hoteli za eneo hilo bado zina miti mikubwa, nyasi na maua. Akigeuka kuelekea Petite Barrière, wanakopita maelfu ya wachuuzi kila siku wakiwa na mabeseni kichwani, kivuli kinakatika. Mbugangari upande wa Rwanda na Birere upande wa Kongo ni mitaa ya mabati, kuta na msongamano wa watu.

Wengi huiona tofauti hiyo kuwa ya tajiri na maskini tu. Ila kuna hesabu nyingine ndani yake, nayo inamhusu moja kwa moja mtu anayeishi kwa kununua upande mmoja na kuuza upande wa pili. Kila ua wa nyumba unaosakafiwa, igipangu kama wasemavyo Gisenyi au parseli kama wasemavyo Goma, humpunguzia mahali pa kuishi nyuki, ndege, bundi na mjusi. Viumbe hao hufanya kazi ambayo hakuna anayewalipa, na kazi hiyo ikikosekana, gharama hutokea sokoni.

Swali ni kama ua mdogo wa mjini unaweza kuwarudishia viumbe hao makazi, na kama mfanyabiashara mdogo ana sababu ya kulijali jambo hilo huku akiwa na kodi, jetoni na wateja wa kufikiria.

Kilichomo ndani ya beseni

Si kila bidhaa inayovuka mpaka inamhitaji nyuki. Viazi na karoti, ambazo ni mzigo mkubwa kutoka milima ya Rubavu na Nyabihu, huvunwa ardhini bila kusubiri ua kuchavushwa. Maharage hujichavusha yenyewe kwa sehemu kubwa. Mchuuzi wa bidhaa hizo anaweza kusema nyuki hamhusu.

Muuza matunda hana nafasi ya kusema hivyo. Parachichi lina tabia ya ajabu: ua lake hufunguka mara mbili, kwanza likiwa jike, kisha hufunga na kufunguka tena likiwa dume. Bila mdudu wa kubeba chavua kutoka ua hadi ua, mti unaweza kujaa maua na kutoa matunda machache. Boga, tango na tikiti huwa na maua dume na maua jike yaliyotengana, na chavua yao ni nzito na ya kunata, haipeperushwi na upepo. Nyanya hujichavusha, lakini ua lake hutoa chavua vizuri linapotikiswa. Upepo hulitikisa, na nyuki wa mwitu wanaotetemesha misuli ya mabawa hulitikisa vizuri zaidi. Nyuki wa asali hana ujuzi huo.

Marakuja yana mchavushaji wake maalumu: yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Marakuja ya njano hayazai kwa chavua ya mmea uleule. Lazima iletwe kutoka mmea mwingine. Ua lake ni kubwa mno kwa nyuki mdogo, ambaye huingia, hunywa na kutoka bila kugusa panapotakiwa. Nyuki wa mbao ana mgongo wa kufika. Naye hutaga mayai ndani ya magogo makavu, miti iliyokufa na mianzi, vitu ambavyo mwenye nyumba anayependa usafi huvichoma kwanza.

Hapa inafaa kusema ukweli usiopambwa. Nyuki anayeishi katika ua wa Gisenyi hawezi kuchavusha shamba la Rutsiro. Safari ni ndefu mno kwake. Faida yake iko karibu: mparachichi ulio nyuma ya nyumba, mmarakuja unaopanda juu ya uzio, na mashamba ya Rugerero, Rubavu na Nyamyumba yanayopakana na mji. Lakini hapo karibu ndipo panapomwezesha mama wa familia kupata matunda ya kuuza bila kulipa usafiri wala kununua kwa mtu wa kati.

Uzio uliohai na ukuta uliokufa

Kwa vizazi vingi nyumba za eneo hili zilizungushiwa uzio wa mimea. Umuvumu, mti wa jamii ya mtini, ulipandwa kwa vipande vya matawi na kugeuka ukuta wa kijani. Matunda yake madogo huliwa na ndege na popo. Umuyenzi, unaoitwa mnyaa kwa Kiswahili, ulizuia mifugo kwa utomvu wake mkali. Umubirizi ulikaa karibu na jiko kwa sababu majani yake machungu ni dawa, na maua yake huvuta nyuki wengi. Umuko, wenye maua mekundu kama makaa, ni mti wa heshima katika imani za kale za Rwanda na ni hoteli ya ndege chozi, ambaye hunywa asali ya maua kwa mdomo wake uliopinda.

Mji unapokua, uzio huo hubadilishwa kuwa ukuta wa matofali au wa mawe ya volkano, na ndani ya ukuta ua husakafiwa. Sababu zinaeleweka. Ukuta huzuia mwizi, na sakafu huondoa vumbi na matope. Rubavu ni mojawapo ya miji 6 ambayo serikali ya Rwanda iliichagua kuwa miji ya kusaidia kupunguza mzigo wa Kigali, pamoja na Musanze, Huye, Muhanga, Nyagatare na Rusizi. Kwa hiyo ujenzi utaongezeka. Ng'ambo ya mpaka, Goma imepokea wakimbizi wa vita kwa miaka zaidi ya 30, na kila kipande cha ardhi kina mtu.

Ua uliosakafiwa una gharama nyingine pia. Mvua inayonyesha juu ya udongo wenye mizizi huzama kwa sehemu, lakini ile inayonyesha juu ya saruji hukimbilia kwa jirani, kisha barabarani, kisha mtoni. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini ya Rwanda, na Mto Sebeya ulipofurika Rubavu ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoumia zaidi. Chanzo kikubwa kilikuwa mvua kali na milima iliyopoteza miti juu kabisa ya mto, si nyua za mjini. Ila kila ua unaoweza kunywa maji yake wenyewe hupunguza kidogo yale yanayokwenda kwa jirani wa chini.

Bundi na ghala la mahindi

Mfano mwingine unawahusu wenye maghala, wale wanaohifadhi mahindi, maharage na unga wakisubiri bei ipande au mpaka utulie. Adui yao mkubwa ni panya. Adui wa panya ni bundi, ndege ambaye jamii nyingi za Maziwa Makuu humfukuza kwa mawe kwa kuamini kwamba analeta kifo. Bundi mmoja mwenye makinda huwinda kila usiku, na chakula chake kikuu ni panya na wanyama wadogo kama wao.

Wafanyabiashara wengi hutegemea sumu badala yake. Tatizo ni kwamba panya aliyekula sumu hafi papo hapo. Huzurura, hulegea, na bundi humkamata kwa urahisi. Bundi naye hufa, na panya wanaobaki huzaana bila mwindaji. Ghala lenye mlango unaoziba vizuri, mitego, na mti mkubwa wa jirani ambao bundi hasumbuliwi humo huwa na ulinzi wa bei nafuu kuliko pakiti ya sumu ya kila mwezi.

Kuhusu dawa za wadudu, wafanyabiashara wa mpakani ni sehemu ya mlolongo wenyewe, kwa sababu chupa hizo huuzwa madukani mwao. Mwaka 2018 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku matumizi ya nje ya mashamba yaliyofunikwa kwa dawa 3 za kundi la neonikotinoidi, ikiwemo imidacloprid, kwa sababu ya madhara yake kwa nyuki. Katika Afrika Mashariki dawa za kundi hilo bado zinapatikana. Muuzaji anayemwambia mteja asinyunyize wakati maua yamefunguka, na asubiri jioni nyuki warudi nyumbani, hapotezi mauzo. Anamsaidia mteja huyo avune na kurudi msimu ujao.

Bustani inapogeuka gereza

Rwanda ina somo kubwa kuhusu wanyama wa porini katika bustani za watu, na somo hilo lilianza kwa makosa. Kwa miaka mingi korongo taji, umusambi kwa Kinyarwanda, walikamatwa kwenye mabwawa na kuuzwa kuwa mapambo ya hoteli na nyumba za wenye nacho. Walikatwa au kuvunjwa mabawa wasiruke. Mwaka 2012 ndege huyo aliwekwa kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kutoweka.

Kuanzia 2014, daktari wa mifugo Olivier Nsengimana na shirika lake la Rwanda Wildlife Conservation Association, wakishirikiana na serikali, waliwaomba wenye ndege hao wawatangaze bila kushtakiwa. Zaidi ya 200 waliandikishwa. Waliokuwa wazima walirudishwa porini, na wale ambao hawawezi tena kuruka walipewa makazi Umusambi Village, eneo la bwawa lililorejeshwa jijini Kigali. Hesabu ya mwaka 2017 ilipata korongo 487 nchini kote. Kufikia 2023 walikuwa wamepita 1,000.

Mfanyabiashara wa mpakani anapaswa kuusoma mfano huo kama onyo pia. Kumtengenezea kiumbe makazi ni kumpa chakula na maficho ili aje mwenyewe, si kumnunua. Kasuku wa kijivu wa Kongo, ambaye zamani aliuzwa kwa wingi, yuko tangu Januari 2017 katika kundi la kwanza la CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini. Maana yake ni kwamba biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imekatazwa. Anayekubali kubeba boksi lenye ndege ili avushe mpaka kwa malipo ya siku moja huhatarisha mtaji wa miaka mingi na uhuru wake.

Udogo si kisingizio

Kigali imewekeza pia katika Nyandungu, bustani ya hekta 121 iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2022 baada ya ardhi oevu iliyoharibika kurejeshwa. Rubavu ina jirani mkubwa zaidi, Hifadhi ya Taifa ya Gishwati-Mukura, na Goma ina Virunga. Je, ua wa mita chache unaongeza nini mbele ya hayo?

Jibu moja lilitoka mbali. Katika mji wa Leicester, Uingereza, mwanabiolojia Jennifer Owen alihesabu kila kiumbe katika bustani ya nyumba yake kwa miaka 30 kuanzia 1972. Bustani hiyo ilikuwa na mita za mraba 741, karibu sehemu moja ya kumi ya uwanja wa mpira. Alipata aina 2,673 za mimea na wanyama, wengi wao wakiwa wadudu. Gisenyi haina baridi ya Uingereza, na iko katika Bonde la Ufa la magharibi, mojawapo ya maeneo yenye utajiri mkubwa wa ndege barani. Haielekei ua wa hapa uwe na kidogo zaidi cha kutoa.

Rwanda tayari ina msingi wa kujengea. Akarima k'igikoni, bustani ndogo ya mboga inayohimizwa na serikali katika kila kaya ili kupambana na utapiamlo wa watoto, ipo katika maelfu ya nyua. Kwa sasa lengo lake ni sahani tu. Mabadiliko madogo yangeifanya ilishe na wadudu pia: kuacha miche michache ya vitunguu, kotimiri na lengalenga itoe maua na mbegu badala ya kung'olewa yote, kupanda umubirizi au umuko kwenye kona, kuegemeza gogo kavu ukutani kwa ajili ya nyuki wa mbao, ambaye akilipata hana haja kubwa ya kutoboa boriti za paa.

Goma ina ugumu wake. Sehemu kubwa ya mji imekaa juu ya mwamba wa volkano, na lava ya Januari 2002 ilifunika mitaa mizima. Wakazi hupanda mboga katika magunia, ndoo na bidoni zilizokatwa, kwa udongo uliobebwa kutoka mbali. Lakini mwamba huo una faida yake: ukuta wa mawe ya lava usiozibwa kwa saruji una mianya ya mijusi, buibui na nyuki wadogo, wote wakiwa wala wadudu au wachavushaji.

Hofu zenye msingi na zisizo na msingi

Pingamizi la kwanza ni malaria. Viongozi wa mitaa huhimiza vichaka kufyekwa, na watu wameelewa kwamba mmea wowote karibu na nyumba ni ugonjwa. Mbu hazaliwi majanini; huzaliwa kwenye maji yaliyotuama, na yule wa malaria hupenda vidimbwi vinavyopigwa na jua. Tairi la zamani nyuma ya duka ni hatari kuliko mti wa umuvumu. Chombo cha maji ya ndege kikimwagwa na kujazwa upya kila baada ya siku mbili, kiluwiluwi hapati muda wa kukua.

Pingamizi la pili ni nyoka, na hili lina ukweli. Nyoka hufuata panya, na panya hufuata takataka na nafaka iliyomwagika. Mimea mirefu ikae mbali na mlango na njia, na lundo la taka lisiwepo kabisa.

Pingamizi la tatu ndilo gumu zaidi: wengi wa wachuuzi ni wapangaji. Mwenye nyumba anaweza kusakafia ua kesho na kupandisha kodi keshokutwa. Mpangaji hana sababu ya kupanda mti utakaomnufaisha mwingine. Ndiyo maana kwake inafaa mimea ya kuhamishika, ndani ya ndoo na magunia, huku mti wenyewe ukiachiwa mwenye kiwanja au mamlaka ya mji.

Mimea inavuka, magonjwa pia

Miche ni bidhaa, na mahitaji ya miche ya asili yakiongezeka wafanyabiashara wa mpakani watakuwa wa kwanza kuibeba. Hapo kuna hatari ambayo eneo hili linaijua vizuri. Mnyauko wa migomba ulioenea Kivu Kaskazini mwanzoni mwa miaka ya 2000 ulithibitishwa Rwanda mwaka 2005, ukianzia huku Gisenyi. Huenezwa na miche iliyoambukizwa, mapanga yasiyosafishwa na wadudu wanaotembelea ua dume la mgomba. Mdudu yuleyule anayeleta faida anaweza kubeba hasara. Suluhisho lililofanya kazi halikuwa kuua wadudu. Lilikuwa kuvunja ua dume mapema kwa kijiti chenye panda na kuacha kuhamisha miche ovyo.

Kwa hiyo anayevusha miche anahitaji cheti cha afya ya mimea, kutoka RICA upande wa Rwanda na SQAV upande wa Kongo. Njia salama zaidi ni kila mji kuotesha miche yake, na kinachovuka mpaka kiwe ujuzi.

Hapa siasa inaingia. Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Kongo ilijiunga nayo rasmi Julai 2022, una sura nzima, ya 19, kuhusu ushirikiano wa mazingira. Makubaliano ya dunia yaliyofikiwa Montréal Desemba 2022 yanazitaka nchi ziongeze maeneo ya kijani mijini na kuyaunganisha. Kwenye karatasi, Gisenyi na Goma, miji miwili iliyotenganishwa na kizuizi cha barabarani, ingekuwa mahali pa kwanza pa kujaribu mpango wa pamoja. Lakini tangu Goma ilipoingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari 2025, taasisi za pande mbili zina mambo mazito zaidi ya kujadiliana, na mpango wa namna hiyo hauelekei kutiwa saini karibuni.

Ua wa nyumba hauhitaji saini. Chozi anayenywa maua La Corniche asubuhi anaweza kuwa Goma kabla mchuuzi hajafika mbele ya foleni, ilimradi akute mti wa kutua, na mwingine, na mwingine. Sasa hivi miti hiyo iko kwa wenye nyumba za ufukweni, kisha inakoma. Hatua ambayo mamlaka ya Rubavu inaweza kuchukua peke yake ni kuhakikisha kwamba kila kibali cha ujenzi kinabakiza sehemu ya udongo usiosakafiwa, na kwamba miti ya umuganda mjini ni ya asili yenye maua na matunda, si mikaratusi ya nguzo tu. Hatua ambayo vyama vya ushirika vya wachuuzi vinaweza kuchukua ni kudai miti hiyo ipandwe katika masoko ya mpakani na maeneo ya kusubiria, ambako wanachama wao hukaa juani kwa saa nyingi wakiwa na matunda yanayoharibika. Mti uliopandwa hapo humpa nyuki ua na humpa mchuuzi kivuli, na katika biashara ya nyanya na marakuja, kivuli ni fedha.